Kalamu ya Risasi

Kondoo hakai mkao wa picha.
Ukimaliza sikio, ameshageuka;
ukianza mgongo, ameshaondoka na mgongo wake.
Ndiyo maana daftari langu la Borrowdale
limejaa vichwa visivyo na miili,
miguu minne inayosubiri tumbo,
na ukurasa mmoja una pua tu,
pua, na tone la mvua lililoangukia pale
nikaliacha likauke lilivyotaka.

Nilikalia ndoo iliyopinduliwa
kwenye kona ya zizi la Jonty Mossop,
vidole vimekufa ganzi.
Alipita na marobota ya nyasi kavu, haulizi kitu.
Siku ya tatu akasema:
"Ng'ombe angekufaa zaidi. Ng'ombe ana subira."
Kweli. Bramble alisimama saa nzima akicheua,
akinitazama kama karani anavyotazama foleni.
Nilimmaliza mpaka kope.
Kisha nikarudi kwa kondoo.

Kondoo wa huko huzaliwa weusi tii,
halafu miaka huwapausha:
hudhurungi kwanza, kisha kijivu,
kisha rangi ya majivu ya jana.
Ni safari ileile ya penseli
mkono unapochoka kukandamiza.
Na penseli yenyewe, wanasema, ilitoka milima hiyohiyo:
dhoruba iling'oa mti,
chini ya mizizi likaonekana jiwe jeusi, laini,
wachungaji wakalichukua kutia alama mifugo yao
kabla hajatokea mtu wa kufikiria kuchora.
Kwa hiyo sikuwapelekea kitu kigeni.
Nilikuwa narudisha.

Mwaka uliofuata ukaja ugonjwa wa miguu na midomo.
Risasi ni neno moja, kazi mbili.
Yangu nilikuwa nimeichonga kwa kisu.
Nyingine ililetwa na wanaume wa mavazi meupe
wenye karatasi yenye mhuri.
Walianza asubuhi, saa nane mchana wakanawa mikono.
Hata Bramble.
Sikuwapo. Barabara zilifungwa,
kila lango limetandikwa majani yaliyoloweshwa dawa.
Nilipata habari kwa simu, kwa dada yake Hilda,
aliyesema tu, "Kumenyamaza huku."

Alikuja kwangu mwezi wa Novemba, bila mbwa.
Aliomba daftari. Chai ikakaa.
Akafunua kurasa kwa kidole chenye mate,
taratibu, kama anahesabu noti za mtu mwingine.
"Huyu mama wa mapacha. Huyu mwizi wa kabichi.
Huyu aliruka ukuta mara mbili siku ya Pasaka."
Kwa kuona goti tu! Kwa mstari wa shingo
nilioutelekeza kwa sababu ulinikataa!
Alihesabu kwa namba za kale za bonde lao,
yan, tan, tethera,
na ile pua pia akaihesabu,
akaiita kwa jina.

Ukurasa wa mwisho akasita.
Kondoo mzima, tangu paji la uso hadi kwato,
kazi pekee niliyoionea fahari.
"Huyu si wangu."
Akasogea nayo dirishani.
"Wala si wa Birkett. Wa nani huyu?"
Ikabidi niseme: kichwa cha mmoja, kiwiliwili cha mwingine,
miguu ya yeyote aliyekubali kusimama.
Huyu hakuwahi kuzaliwa.

Hakucheka, hakukasirika.
Alitazama sikio. Nilikuwa nimelichora zima,
bila ule mkato ambao babu wa babu yake
aliuandikisha kuwa alama ya Mossop.
"Penseli," akasema.
Aliishika kama mkasi wa kunyolea sufu, kwa ngumi nzima,
akakata sikio la kushoto, kipande kidogo, upande wa chini,
akapuliza vumbi,
akanirudishia daftari
na chai akainywa, baridi hivyohivyo.